Flame Tongue, Sun Blade au upanga wa +2: upi umfae mpiganaji wa ngazi ya 5?

Mshikadadu
Wakuu, naendesha D&D (mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika kwa dadu) toleo la 5, kanuni za 2014. Kundi linakaribia kuingia kaburi la mfalme, na humo nataka mpiganaji apate upanga mrefu wa kichawi. Nguvu zake 18, anapiga mara mbili kwa zamu. Kitabuni zote tatu ni za daraja la adimu. Je, uwezo wake unalingana kweli?

Kokotoa
Haulingani kabisa. Chukua adui mwenye kinga 15, yaani namba ambayo shambulio lazima liifikie. Mpiganaji wako anaongeza 7 kwenye dadu ya pande 20, kwa hiyo anapata akitupa 8 au zaidi, yaani 65%. Flame Tongue hauongezi shabaha, ila ukiwaka kila pigo linabeba dadu 2 za moto za pande 6. Wastani wa madhara ya pigo ni 15.5, kwa mapigo mawili, ukihesabu na yanayokosa, ni kama 20 kwa zamu. Wa +2, unaoongeza 2 kwenye shabaha na kwenye madhara, unapata kwa 75%, pigo 10.5, jumla 15.75. Na ukitupa 20, dadu za moto nazo zinakuwa maradufu.

BintiMakaburi
Lakini hilo ni kaburi, mkuu! Sun Blade una +2, madhara yake ni ya nuru, na dhidi ya wafu wanaotembea unaongeza dadu 1 ya pande 8. Hapo ni 22.5 kwa zamu, umeupita wa moto. Tena unatumika kwa wepesi badala ya nguvu, kwa hiyo hata mwizi wa kundi anaweza kuurithi.

Kokotoa
Kweli, ila wakishatoka kaburini unarudi kuwa +2. Wa moto nao una pa kukwama: mbele ya mashetani wasiodhurika na moto unashuka hadi 11 kwa zamu, chini hata ya upanga wa +1 wenye 13.3. Angalia kwanza safari yako inaelekea wapi.

ZamuYangu
Msisahau matumizi. Kuwasha Flame Tongue kunakula tendo la ziada, kwa hiyo mwenye silaha mbili zamu hiyo hapigi kwa mkono wa pili. Ukiurudisha alani au ukiuangusha, unazimika. Unamulika futi 40 kwa nuru kali na 40 nyingine hafifu. Hakuna kunyemelea hapo. Pia huo na Sun Blade lazima ufungamane nao (uunganike nao kichawi) kwa pumziko fupi la saa 1, na mtu mmoja hafungamani na vitu zaidi ya 3. Wa +2 unaushika tu na kupigana, na kwa mwenye vitu vingi hilo lina thamani kubwa.

Kokotoa
Kama moyo uko kwenye moto, punguza: dadu 1 ya pande 6 badala ya 2. Wastani unakuwa 15.6 kwa zamu, karibu sawasawa na wa +2. Dadu ya pili iamke akifika ngazi ya 8 au 9.

Mshikadadu
Nachukua huo wa dadu 1. Walinzi wa kaburi ni mifupa na maiti zilizokaushwa, na hizo maiti moto unazidhuru maradufu, kwa hiyo hata ukiwa umepunguzwa utang'ara humo ndani.