Tom Courtenay, mtoto wa mpaka rangi meli: kwa nini aliipa sinema kisogo akarudi jukwaani?

Fundi wa Matondoni
Assalaam aleikum. Niko Matondoni, kazi ya nyumbani kwetu ni kutia kalafati na kupaka rangi vyombo. Jioni tuna kikundi cha maigizo, tunafanyia mazoezi uwanja wa skuli. Kuna bwana wa Nairobi aliutazama mchezo wetu, sasa anataka nikaigize kwenye kipindi cha runinga. Baba hataki kusikia, asema hiyo ni kazi ya watoto wa wenye nazo. Nimesikia huyu Mwingereza Tom Courtenay naye babake alikuwa mpaka rangi, akawa nyota wa sinema, kisha akaipa kisogo. Anayemjua anieleze. Aliiachaje, na sisi twatafuta mlango wa kuingilia?

Binti Langoni
Nimemwona kwenye Doctor Zhivago ya 1965, yule mwanamapinduzi wa miwani asiyecheka. Aliteuliwa kuwania Oscar kwa kazi ile. Kaka, nenda Nairobi. Ngojangoja huumiza matumbo.

Mwalimu Mstaafu, Mkomani
Waaleikum salaam, mwanangu. Mtu huyu nampenda tangu nikifundisha, kwa hivyo niwie radhi nikirefusha.

Alizaliwa 1937 Hull, bandari ya mashariki mwa Uingereza, mtaa wa jirani na gati za meli za uvuvi. Babake alizipaka rangi meli hizo. Lakini usimtazame baba peke yake. Mamake, Annie, alikuwa na kipaji cha kuandika, ila maisha hayakumpa nafasi ya kusoma akafika mbali. Kijana alipokwenda London, kwanza chuo kikuu (shahada akaikosa), kisha chuo cha uigizaji cha RADA, mama akawa anamwandikia barua za habari za nyumbani na mtaani. Alifariki 1962, mwaka uleule filamu ya The Loneliness of the Long Distance Runner ilipomtangaza mwanawe. Mwaka 2000 Courtenay alizitoa barua zile kitabuni. Mimi naamini uigizaji wake umetoka humo: kusema jambo zito kwa maneno mepesi.

Itafute filamu hiyo uitazame mwisho wake. Yeye ni kijana aliyefungwa jela ya vijana, anakimbia mbio ambazo mkuu wa jela analitaka kombe lake. Yuko mbele, utepe anauona. Anasimama. Watu wanampigia kelele akimbie, naye amesimama pale anahema, anamtazama mkuu wa jela, mpaka wenzake wanampita. Neno hasemi, na umeelewa yote. Kabla ya kizazi chake, mtoto wa bandarini kwenye sinema za Uingereza mara nyingi alipewa kuchekesha au kufungua mlango. Yeye na waigizaji wenzake kina Albert Finney walikuja na lafudhi zao za kaskazini wakabeba hadithi nzima.

Sasa swali lako. Hakufukuzwa na mtu. Jina lilikuja mapema, naye jukwaa ndilo alilolipenda zaidi. Baada ya Zhivago akazidi kuelekea huko, na mji aliouchagua ni Manchester, si London. Mwaka 1976 ukafunguliwa ukumbi wa Royal Exchange ndani ya jumba la zamani la biashara ya pamba. Watazamaji wanakaa pande zote, kama watu wanavyozunguka kirumbizi, ngoma yetu ya fimbo, na mwigizaji hana pa kuficha mgongo. Alikuwemo tangu mwanzo. Mwaka 1980 akaigiza hapo mchezo wa The Dresser, nafasi ya mtumishi anayemvisha mwigizaji mkongwe anayechakaa. Ilipofanywa filamu 1983 akaitwa aigize nafasi ileile, pamoja na Finney, na wote wawili wakateuliwa kuwania Oscar. Yaani sinema ndiyo iliyomfuata. Na 2015, akiwa mzee, alishinda tuzo ya mwigizaji bora kwenye tamasha la filamu la Berlin kwa filamu ya 45 Years.

Fundi wa Matondoni
Shukrani sana mwalimu. Kwa hivyo wanishauri nibaki?

Mwalimu Mstaafu, Mkomani
La, mwanangu. Yeye naye aliondoka Hull, tena mapema. Nenda, lakini kikundi usikivunje. Mwachie mwenzako uongozi, ukirudi uingie tena kama mwigizaji. Na kabla ya kupanda basi, huyo bwana akupe mkataba wa maandishi: siku ngapi za kazi, malipo lini, nauli na malazi juu ya nani. Mpelekee babako ausome yeye kwanza. Mzee akiona kazi ina karatasi na mshahara, mtazungumza vingine.

Binti Langoni
Mkataba ukija kwa Kiingereza cha mawakili, niletee nikusomee. Niko karibu na sokoni, duka la vitabu.