Mrejesho: jumla ya kilo za kila mkulima sasa naiona kwenye simu

Wakuu, naleta mrejesho. Niliuliza nifanyeje: jedwali la wakulima wangu wa parachichi kule Rungwe nimeliunganisha na la mizigo yao, lakini programu ya majedwali ninayotumia, ile ya kwenye simu, haina pa kutengeneza safu ya kujumlisha kilo za kila mmoja.

Aliyeniambia nitafute kompyuta, Mungu ambariki. Nilienda stationari Mwanjelwa, Mbeya mjini, nikafungua programu hiyohiyo kwa kivinjari, nikaiweka safu mara moja tu. Sasa nikiingiza mzigo kwenye simu, jumla inabadilika yenyewe. Jana mama mmoja Tukuyu aliuliza kilo zake za msimu mzima, nikamsomea palepale. Nilifurahi mno! Shambani mtandao ukikata bado naandika kwenye daftari, nahamishia jioni.