Mjadala: Bendi za Tanga zirekodi albamu nzima, au tubaki na wimbo mmoja mmoja?

Mleta hoja, Chumbageni

Habari zenu wana Tanga. The Cure, bendi ya roki ya Uingereza, ilitoa albamu ya Songs of a Lost World tarehe 1 Novemba 2024, miaka 16 baada ya ile iliyotangulia. Nyimbo nane, dakika 49. Katika wimbo wa kwanza magitaa na kinanda vinatangulia zaidi ya dakika tatu ndipo Robert Smith anaanza kuimba. Huku kwetu tunahubiriwa kila siku kwamba msikilizaji asiposikia sauti mapema anahama. Kwa kanuni hiyo kazi ile ilikuwa ifie njiani. Ikashika namba moja Uingereza, nafasi ambayo bendi hiyo haikuigusa tangu 1992.

Naileta hapa kwa sababu mjini kwetu kuna vijana wanaopiga roki kwa Kiswahili, na wote wanapewa ushauri uleule: toa wimbo wa dakika mbili na nusu, usubiri, utoe mwingine. Mimi napinga. Ushauri huo unamfaa mwimbaji anayejitegemea na prodyuza wake. Bendi ni watu wanne watano wanaosikilizana, na wimbo mmoja hautoshi kuonyesha mpiga gitaa la solo anavyomjibu mpiga besi, au mpiga drams anavyojua kunyamaza.

Na asije mtu akasema hayo ni mambo ya Wazungu. Black Star Musical Club ya hapahapa Tanga iliingiza gitaa la umeme na besi kwenye taarabu, ikabadilisha sauti ya pwani nzima. Upande wa dansi tulikuwa na Jamhuri Jazz na Atomic Jazz. Mji huu una haki na gitaa.

Mpiga besi, Ngamiani

Kaka, nakuheshimu sana, ila mfano wako umekaa juu mno. The Cure walitoa albamu ya kwanza 1979. Wana wasikilizaji waliozeeka nao, na watoto wa wasikilizaji hao. Sisi Jumamosi tunapiga harusini, tena nyimbo za watu, ndipo tupate hela ya nyuzi na nauli ya kubebea vyombo.

Studio inatoza kwa wimbo. Zidisha mara nane uone. Halafu wimbo ukiingia mtandaoni, Spotify wanahesabu kuwa umesikilizwa ukifika sekunde 30. Wa dakika kumi na wa dakika mbili hesabu yake ni moja. Mtu mwenye bando la kupima ataniwekea dakika kumi? Nipe sababu ya kunilisha, siyo sababu ya kunisifu.

Bi Mkubwa, Makorora

Wanangu, hilo la kusubiri sauti lisiwatishe. Sisi tumekulia kwenye taarabu. Ala zinapiga, watu wanajiweka sawa vitini, mwimbaji amesimama kimya mpaka zamu yake ifike, na hakuna aliyelalamika. Bashrafu, ule muziki wa taarabu wa ala tupu, haina mwimbaji kabisa na watu walikaa kuisikiliza. Uvumilivu upo, mkiupa kitu cha kuvumilia.

Mimi ninachokililia ni maneno. Gitaa mnalijua, nakubali, lakini nyimbo zenu nyingi mstari wa tatu unarudia wa kwanza. Shakila, mwimbaji wetu wa taarabu, alikuwa akiimba watu wanainuka kwenda kutuza, na waliokuwa wakiinuka walikuwa wameguswa na shairi. Kabla hamjaniambia nyimbo nane, nionyesheni mashairi manane. Huyo Mwingereza yeye alikuwa na nini cha kusema hata angojewe miaka yote hiyo?

Fundi mitambo, Usagara

Naomba niseme upande wa studio, maana ndiko pesa zinakoishia. Studio nyingi mjini zimejengwa kwa ajili ya sauti moja na kompyuta. Drams hazina pa kukaa. Ndiyo maana bendi inarekodiwa kipande kipande: besi leo, solo kesho, drams zinatengenezwa kwenye programu. Mkimaliza mnasikia wimbo msafi ambao hakuna aliyewahi kuupiga.

Redio Tanzania Dar es Salaam walikuwa wanarekodi bendi nzima kwa pamoja, chumba kimoja, maikrofoni chache, na kazi zile bado zinasikilizwa. Kilichowabana wazee ni sahani: ile ndogo ya santuri upande mmoja ulibeba dakika chache tu, wimbo mrefu ukakatwa sehemu ya kwanza na ya pili. Leo hakuna sahani ya kutubana, tunajibana wenyewe.

Ila niseme ukweli, wengi wanaingia studio bado wanabishana chodi. Hela inaishia kwenye wimbo wa pili. Bendi iliyofanya mazoezi nairekodi nyimbo nane kwa bei isiyozidi sana ya hao wanaojifunzia kwangu.

Mleta hoja, Chumbageni

Shikamoo Bi Mkubwa. Alikuwa na misiba. Smith alifiwa na mama, baba na kaka yake, na mmoja wa nyimbo hizo nane ni wa kumlilia kaka yake. Huwezi kuurusha wimbo wa namna ile peke yake katikati ya matangazo. Unahitaji nyimbo za kuutangulia na za kuufuata. Hiyo ndiyo kazi ya albamu ninayoizungumzia.

Mdogo wangu wa Ngamiani, hela sikupingi. Lakini angalia walivyofanya: nyimbo kadhaa za albamu ile walizipiga jukwaani tangu ziara ya 2022, miaka miwili kabla haijatoka. Watu walishazijua. Tena 2023 Smith aligombana hadharani na Ticketmaster, kampuni ya kuuza tiketi, juu ya ada zake, mpaka mashabiki wakarudishiwa sehemu ya pesa. Hadhira inayotendewa hivyo inarudi. Kwa hiyo pigeni zenu mbele ya watu mpaka zikomae, kisha mwendeeni fundi hapo juu mkiwa tayari, mrekodi kwa pamoja. Sekunde 30 za kampuni ya ughaibuni zisiwatungie wimbo.

Mpiga besi, Ngamiani

Nyimbo zetu wenyewe tunazo sita, na mbili kati ya hizo Bi Mkubwa nakuletea mashairi uyakosoe, nisemayo yanatoka moyoni. Linalobaki ni jukwaa. Harusini mwenye shughuli hataki asichokijua, na baa wanataka rumba. Ni ukumbi gani Tanga utatupa usiku mmoja tupige zetu tupu, kwa kiingilio ambacho mwanafunzi anakimudu? Anayeujua autaje hapa.