Bunduki kuukuu za jeshi: aliyewahi kuishika Mark 4 aje hapa, tupeane uzoefu

MtuWaRongai (mwanzilishi)

Wakuu, habari za wikendi. Nimekuwa nikitazama video za Wamarekani wanaokusanya bunduki za vita vya zamani. Mtu ana ukuta mzima: Mauser ya Mjerumani, Mosin ya Mrusi, Lee-Enfield ya Mwingereza, zote zimepangwa kwa mwaka na kwa kiwanda. Kule miaka ya 50 na 60, majeshi yakishabadilisha silaha, zile kuukuu ziliuzwa kwa posta. Unakata kuponi gazetini, unatuma pesa, unaletewa mlangoni. Sheria ya 1968 ndiyo iliyoufunga mlango huo.

Huku kwetu jambo hili lina kona zake. Kuna Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na uwindaji ulipigwa marufuku 1977, kwa hiyo hata ile sababu ya "nataka ya kuwindia" haipo. Lakini bunduki zenyewe zilipita hapa kwa wingi. Keya (askari wa King's African Rifles, jeshi la mkoloni) walizibeba, homugadi (Home Guard, wanamgambo wa serikali ya mkoloni) walizibeba, polisi na askari wa wanyama pia. Ukienda kaskazini hata leo mzee akikwambia "Mark 4", yaani Lee-Enfield No. 4 ya risasi za .303, anajua anachosema.

Leteni stori zenu, za mkono wako au za mzee wako. Masharti mawili tu: hakuna kuuza wala kuulizia bei, na usitaje bunduki ya mtu inakaa wapi.

Dada_Kilimani

Mimi hupiga. Bunduki si yangu, ni ya mzee mmoja wa klabu mwenye leseni ya tangu enzi. Tukiwa kule Stoni Athi hutuachia tupige yeye akiwa hapo hapo nyuma, anaihurumia kila risasi inayotoka. Ni No. 4 iliyotengenezwa Long Branch, Kanada, mwaka wake umepigwa muhuri ubavuni: 1943. Kilo nne na ushei, na mbao yake imekunywa mafuta ya kitani miaka yote hiyo, mpaka mikono yako inanuka hivyo ukifika nyumbani.

Aliyezoea Mauser akiishika hii hushangaa. Kwenye Mauser springi unaikaza ukiinua mkono wa bolti (kile chuma cha kuingizia na kutolea risasi), kwenye Lee-Enfield unaikaza ukisukuma mbele. Mwanzoni unahisi chuma kinakupinga pale mwisho mwisho, unadhani kuna kitu kimekwama. Ukishazoea, kiganja kinainua, kinavuta, kinasukuma, kinashusha, na jicho halijatoka kwenye kilengeo. Magazini inabeba 10. Kabla ya Vita vya Kwanza askari wa Uingereza walifunzwa kupiga risasi 15 zilizolengwa kwa dakika moja, na ukiisikia hiyo bolti inavyoteleza unajua hawakuwa wakijigamba.

Sasa kuna ujanja ambao hakuna aliyeniambia mpaka nikaukuta. Ganda la .303 lina ukingo uliotokeza pale chini. Ukizipakia risasi ovyo, ukingo wa ya juu ukakaa nyuma ya ukingo wa ya chini, zinashikana ndani ya magazini na bolti haiendi popote. Kila unayoweka lazima ukingo wake utangulie mbele ya ile iliyolala chini yake. Ukiwa unapakia kwa klipu ya tano tano, unaipanga hivyo tangu kwenye klipu.

Shida kubwa ni risasi. Mpya bado zinatengenezwa Serbia na Cheki, ila kuzipata Nairobi ni kungoja mwenye kibali aagize. Za zamani za jeshi ndizo zina mambo. Ukiifungua moja, ndani hakuna baruti ya unga, kuna nyuzi ndefu za rangi ya kahawia kama tambi. Nyingine zimezeeka: unavuta triga, kimya, halafu ndipo inalia. Kwa hiyo ikikataa, mtu asifungue bolti kwa haraka. Mtutu unabaki unaelekea shabahani, unangoja, unaangaliana na mzee.

Halafu fataki za hizo risasi (kile kiwashio kilicho chini ya ganda) huacha chumvi ndani ya mtutu, na chumvi huvuta unyevu. Mafuta peke yake hayaitoi. Mzee huja na birika na faneli, anapitisha maji yaliyochemka kutoka nyuma, yanatoka mbele meusi, anarudia mpaka yatoke safi. Mtutu ukipata moto unajikausha wenyewe. Ndipo kitambaa kinavutwa kwa kamba, kisha mafuta. Asiyefanya hivyo jioni ile ile, wiki ijayo ana kutu.

Nyongeza: kichwa cha bolti ya No. 4 hufunguka, na vilitengenezwa kwa saizi, kuanzia 0 hadi 3, ili fundi arekebishe nafasi kati ya bolti na risasi chuma kikilika. Ukikabidhiwa bunduki kuukuu, kitu cha kwanza ni kuangalia namba iliyo kwenye bolti kama inalingana na ya mwili. Zisipolingana, fundi apime kabla hujaweka chochote ndani.

Jirani_wa_Burma

Kwetu hakukubaki bunduki. Guka (babu yangu) alikuwa Keya, Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, bonde la Kabaw, Burma, 1944. Masika, matope, malaria. Mnaopita Jogoo Road na kununua nyama Soko la Burma mjue jina lilitoka huko.

Waliporudi, silaha zilirudishwa ghalani, namba kwa namba. Alichobaki nacho ni medali na kale kachupa ka mafuta ka shaba kanakoingia ndani ya kitako, nyuma ya kile kimlango kidogo. Kifuniko chake kina kijiko cha kudondoshea tone moja moja. Alikuwa anakatumia kupaka mafuta cherehani ya nyanya! Mpaka leo kako kwenye droo ya cherehani na kanafanya kazi.

Jambo lingine, alipokuwa amezeeka sana alisahau majina yetu, lakini ukisema "Beneti!", ile amri ya kuchomeka kisu cha bunduki, mkongojo unaruka kutoka begani.

Omosh254

Mimi Mark 4 nimeiona kwa sanamu tu, pale Kenyatta Avenue. 😂

MtuWaRongai

@Omosh254 usicheke, ile sanamu ya 1928 watu hupita kila siku bila kuisoma. Watu watatu wa shaba, mmoja wao mpagazi, na maandishi ya Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili. Tena ile ni ya Vita vya Kwanza, Mark 4 ilikuwa haijazaliwa. Bunduki ya huyo askari wa shaba ni babu yake Mark 4.

Na nilivyoona, mpagazi hana bunduki. Wapagazi waliokufa kwenye vita ile, kwa njaa na kuhara, walikuwa wengi kuliko waliopigwa risasi. Kambi yao ndiyo Kariokor, jina lililotoka kwa Carrier Corps, kikosi cha wapagazi. Tunaozungumza habari za bunduki tukumbuke kuna aliyebeba masanduku ya risasi kichwani.

Mbongo_SouthB

Shikamooni wakubwa. Niongeze upande wa pili. Askari wa Mjerumani huko kwetu Tanzania, 1914, wengi walianza vita na Mauser ya 1871. Risasi yake ni nene, milimita 11, na baruti ni ile nyeusi. Ukipiga, wingu la moshi linapanda juu ya kichaka na kila mtu anajua ulipo. Ndiyo maana baada ya mapigano ya Tanga, Novemba 1914, kilichowafurahisha sana ni bunduki za kisasa na risasi walizoziokota kwa Waingereza. Walipigana na Waingereza kwa silaha za Waingereza mpaka wakasalimu amri 1918.

Mzee_Mstaafu_Langata

Vijana nawasoma. Mimi niliibeba hiyo .303 kazini, idara ya wanyamapori, kabla haijawa KWS (Shirika la Wanyamapori la Kenya). Sikuipiga Jumamosi kwa burudani.

Niwaeleze ilivyokuwa Tsavo miaka ile. Jangili anakuja na AK-47. Wewe una bunduki ya umri wa baba yako. Ukipiga moja lazima uvute bolti, na ukivuta bolti mkono unatikisa majani. Yeye hana haja ya kulenga, anamwaga tu. Tulichokuwa nacho kumzidi ni umbali: .303 inafika mbali na inafika palepale ulipoielekeza, kwa hiyo akiwa ng'ambo ya lugga (mto mkavu) ni wako. Akiwa kwenye kichaka mbele yako hapo, wewe ndiye wake. Kwa hiyo kazi yote ilikuwa nyayo. Unamfuata ili umwone kabla hajakuona, na ukichelewa hapo hakuna bunduki itakayokusaidia.

Mvua nayo. Mbao inavimba, inakaza mtutu, na ile iliyopiga katikati mwezi jana leo inapiga kushoto. Mkanda wa turubai ukilowa unakata bega. Sajini wetu alikuwa akikagua mtutu kila jioni kwa ukucha: unaweka ukucha pale bolti ilipotoka, unakinga mwanga uingie mtutuni, yeye anachungulia kwa mbele. Akiona doa hulali.

1989 alipoingia Dakta Leakey kuongoza idara ndipo tukaanza kupata silaha za kulingana na kazi. Mwaka ule ule, Julai, Rais Moi alichoma tani 12 za pembe za ndovu hapa Nairobi National Park. Wageni wanaukumbuka moto. Sisi tunakumbuka siku ya kurudisha .303 ghalani, na sikuona mtu akilia.

Binti yangu wa Kilimani, maelezo yako ni sahihi yote. Lakini nyinyi mnaipenda kwa sababu hamkuitegemea.

Dada_Kilimani

Shikamoo mzee. Hilo la mwisho sina la kulijibu. Ila la mbao kuvimba mvua ikinyesha nimeliona mwenyewe Aprili, na wenzangu walidai ni macho yangu.

Kijana_wa_Dago

Upande wetu ni tofauti kabisa. Shosho (nyanya yangu) hataki hata ganda tupu la risasi nyumbani. Nilipokuwa mdogo niliokota moja la zamani shambani, nikalipuliza kama filimbi, akalinyang'anya na kulitupa chooni.

Baadaye ndipo alieleza. Wakati wa Emajensi, ile hali ya hatari ya vita vya Mau Mau iliyoanza 1952, kukutwa na risasi mfukoni kulitosha kukupeleka kwa kitanzi. Dedan Kimathi mwenyewe, kiongozi wa Mau Mau, shtaka lake lilikuwa bastola na risasi sita, wakamnyonga gereza la Kamiti Februari 1957. Kwa hiyo wanawake waliokuwa wakipeleka risasi msituni, wamezificha kwenye unga au ndani ya nywele, walijua hesabu. Shosho husema "wanawake" hivyo hivyo, hataji nani.

Bunduki halisi msituni zilikuwa chache. Nyingine zilitengenezwa na mafundi, wengine humu humu Nairobi: bomba la maji, komeo la mlango, mpira wa tyubu. Ziko zilizohifadhiwa makumbusho, hata London. Baadhi zilimuua aliyezishika. Na upande wa pili wa mtaro wa kijiji, homugadi ana .303 ya serikali. Mkiniuliza mimi, mkusanyaji akiweka Lee-Enfield ukutani bila kuweka lile bomba kando yake, ameonyesha nusu.

MtuWaRongai

@Kijana_wa_Dago hapo nakubaliana nawe kabisa. Makusanyo mengi ya video zile ni ya mihuri na namba, kiwanda gani, mwezi gani. Nani alielekezewa haisemwi.

Omosh254

Sasa swali la kweli. Babu wa rafiki yangu amefariki, wakati wa kutoa dari wamekuta kitu kimefungwa kwa gunia. Ni ndefu. Ina mbao. Wafanye nini?

MtuWaRongai

Wasiiguse tena, na wasiifunge kwenye gunia na kupanda nayo matatu kuipeleka stesheni, maana wakikaguliwa njiani maelezo hayatasikika. Mmoja aende kituo cha polisi, au kwa chifu, aeleze, waje wenyewe waichukue. Aandikishe na apewe namba ya OB (kitabu cha matukio cha polisi). Leseni ya marehemu, kama alikuwa nayo, hairithiwi na nyumba. Kila mtu anaomba yake kwa Bodi ya Leseni za Silaha na anachunguzwa upya. Hata wenye leseni halali walikaguliwa wote upya baada ya agizo la Desemba 2018. Na kama ni silaha ya kijeshi, wasitegemee kurudishiwa.

Omosh254

Sawa mkuu. Namwambia sasa hivi.

Mzee_Mstaafu_Langata

Na wasijaribu kuona kama ina risasi. Waiache ilivyo.

Binti wa Kilimani, huko Stoni Athi mnapiga umbali gani?

Dada_Kilimani

Mita 300 mara nyingi, mzee. Jumamosi ijayo tupo. Karibu sana, nitaongea na mwenye bunduki, atafurahi kukutana na aliyeifanyia kazi. Chai ipo, na birika si lile la mtutu.

Mzee_Mstaafu_Langata

Nitakuja kuwatazama. Mkinibembeleza sana nitapiga moja, lakini si hiyo 300. Niwekeeni shabaha ya 100, na mtu wa kunishikia miwani.