Nikikohoa mkojo unanitoka. Nizoee?

Mama Tatu: Wadada, nisaidieni. Nina miaka 38, nauza mitumba Gikomba. Tangu nimzae kitinda mimba, mwaka wa pili huu, nikikohoa, nikicheka au nikiinua mzigo, mkojo unanitoka. Juzi nilipiga chafya kwenye matatu pale Jogoo Road. Nilishuka Muthurwa na sweta nimelifunga kiunoni, nanyata karibu na ukuta. Sasa ni sketi nyeusi kila siku, na maji sinywi hadi jioni. Mama mkwe ananiambia ndio uzazi huo, nizoee. Kweli?

Nesi wa Wazazi: Usizoee, mama. Hali hii huwapata wengi, lakini ina tiba. Mimba na kujifungua hulegeza misuli inayokibeba kibofu. Tumbo likikaza ghafla, mkojo unaponyoka. Vuta misuli hiyo juu kana kwamba unazuia mkojo na ushuzi kwa pamoja, hesabu polepole, kisha achilia kabisa. Mara 8, mara 3 kwa siku, kwa miezi 3 angalau. Tumbo na makalio yatulie, na usishike pumzi. Usifanye zoezi hili ukiwa unakojoa. Na kabla ya kukohoa au kuinua mzigo, kaza kwanza.

Kui wa Umoja: Mimi wiki ya tatu nilikata tamaa. Mtaalamu wa fiziotherapi alinipima, kumbe nilikuwa nasukuma chini badala ya kuvuta juu! Nilianza upya, mwezi wa tatu nikaona tofauti. Na dada, maji kunywa, mkojo mzito hukiwasha kibofu. Punguza chai ya majani na kahawa.

Bi Salma: Yangu ilikuwa tofauti. Haja ilinijia ghafla, ufunguo uko mlangoni na nimeshachelewa. Walinipima mkojo na sukari, halafu nikafundishwa kukizoeza kibofu kungoja, dakika chache chache.

Nesi wa Wazazi: Anayevuja mfululizo, mchana na usiku, hasa baada ya uchungu wa kuzaa uliochukua muda mrefu, huenda ana fistula, yaani tundu kati ya kibofu na uke. Hiyo haingojei mazoezi, hutibiwa kwa upasuaji, na Hospitali ya Kenyatta hufanya. Ukiona damu kwenye mkojo pia, usikae nyumbani.

Mama Tatu: Nimesoma huku nalia. Naweza kufanya nikiwa nimesimama kibandani?

Nesi wa Wazazi: Anza ukiwa umelala, uijue misuli yenyewe. Kusimama kutafuata.

Mama Tatu: Basi ni usiku huu, watoto wakilala. Chupa ya maji nimeshaifungua.