Mguu wa mama: nilisema "leg", kumbe ni "foot"

Kutoka: Dada wa Leicester

Habari za jioni wanajumuiya, shikamooni wakubwa.

Mama yangu yuko hapa wiki ya tatu sasa, amekuja kunisaidia kulea mtoto. Jumapili alfajiri akaniamsha: "Mwanangu, mguu umevimba, unawaka moto, hata shuka likiugusa natamani kulia." Nikapiga 111, namba ya simu ya ushauri wa afya huku Uingereza. Nikamwambia yule dada aliyepokea kwamba "my mother's leg" imevimba, ni nyekundu, inauma sana. Maswali yakamiminika. Umevimba mmoja au yote miwili? Amepanda ndege lini? Kifua kinambana? Anapumua vizuri? Niliposema ametua wiki tatu zilizopita kutoka Dar, sauti ikabadilika. Tukaambiwa twende hospitali saa hiyo hiyo.

Tumekaa huko saa saba. Walihofia damu imeganda kwenye mishipa ya shavu la mguu, jambo linalowapata watu baada ya safari ndefu za ndege, na likiachwa bonge lile linaweza kupanda mapafuni. Damu ikapimwa, tukapangwa foleni ya altrasaundi. Hatimaye akaja daktari kijana, akapandisha gauni la mama mpaka magotini, akabonyeza huku na huku. Miguu yote sawa, myembamba kama ya korongo. Akauliza uvimbe uko wapi. Mama akanitazama kama vile mimi ndiye mgonjwa, akavua soksi. Dole gumba! Limeiva kama nyanya.

Jongo, wao huita "gout". Tukapewa vidonge, akaambiwa anywe maji mengi na apunguze maini na samaki wadogo. Huyu ni mama aliyekuja na kilo mbili za dagaa wa Mwanza begini.

Hospitali siilaumu, walifanya walichopaswa kufanya kwa maneno niliyowapa mimi. Kwetu mguu unaanzia nyongani unaishia kwenye ukucha. Kwao umekatwa vipande viwili pale kwenye kifundo: juu "leg", chini "foot". Nina miaka kumi na moja hapa na ninatunza wazee, tofauti hii naijua vizuri. Ila alfajiri ile, mama analia, ulimi ulijitafsiria wenyewe.

Naomba tuambiane: hili neno "foot" limewachanganya wapi na wapi?

---

Kutoka: Mzee wa Toronto

Marahaba binti yangu, na pole nyingi kwa mama. Nimefundisha Kiingereza miaka mingi kabla ya kustaafu, kwa hiyo mtanivumilia nikirefusha.

Usijilaumu. Lugha yetu haikukosa maneno, ila hatuyatumii mpaka tubanwe. Tuna unyayo, tuna kisigino, tuna kifundo, tuna muundi kwa mbele na shavu la mguu kwa nyuma, tuna goti na paja. Lakini mtu akiumwa hasemi "nimeumia unyayo", anasema mguu, na aliye naye anaona kwa macho. Simu haina macho. Mkono ni hivyo hivyo: "arm" inaishia kwenye kifundo cha mkono, "hand" inaanzia hapo. Na kidole ndiyo hatari zaidi, kwa sababu sisi tuna vidole ishirini na Mwingereza ana kumi tu, hivyo vingine vina jina lake, "toes". Nilimsikia mzee mwenzangu akimwambia daktari kwa simu amevunjika "finger" na hawezi kuvaa kiatu. Daktari alinyamaza kidogo.

Ushauri wangu ni mmoja: kabla ya kupiga simu, mwambie mgonjwa aweke kidole panapouma. Kisha taja kiungo kilicho karibu. "Big toe, left foot." Basi.

Sasa neno lenyewe. "Foot" haikuishia mwilini. Ni chini ya kitu chochote: chini ya mlima, chini ya ngazi, chini ya ukurasa, na upande wa kitanda ambako miguu hulala. Na huko chini ya ukurasa ndiko ulikotoka msemo wa "foot the bill". Zamani hesabu iliandikwa kwa safu, ikajumlishwa, jumla ikawekwa chini kabisa. Mwenye kubeba ile jumla ya chini ndiye anayelipa. Kwa hiyo mkiwa mgahawani ukasikia ofisi "will foot the bill", agiza bila woga.

Na msisahau kwamba neno hili tulishalimeza siku nyingi. Futi! Mnaonunua vitanda vya tano kwa sita mnazungumza "foot" bila kujua. Futi moja ni inchi 12, yaani sentimita 30.48, kipimo kilichokubaliwa na nchi za Kiingereza mwaka 1959. Huku nyumba za kupanga hutangazwa kwa futi za mraba, na vijana wakija hukwama kwenye tarakimu. Mimi huwapa hesabu ya kitanda. Cha tano kwa sita kinakula futi za mraba 30. Ukiambiwa chumba ni kumi kwa kumi na mbili, ni futi za mraba 120, kitanda kimekula robo. Hapo unajua kama kabati litaingia.

---

Kutoka: Kaka wa Birmingham

Mungu ampe mama shifaa. Sasa mie niwaambieni yangu.

Mwaka wangu wa kwanza nilipata kazi ya kusambaza vifurushi kwa vani. Siku ya pili nikapewa mtu wa kunionyesha njia, Mwingereza mtu mzima, maneno yake ya kuhesabu. Tumechelewa, tunaingia barabara kuu, ananiambia: "Put your foot down, son." Shuleni Mombasa nilifundishwa kwamba msemo huu ni kushikilia msimamo, kukataa katakata. Nikajiuliza nikatae nini, na nimkatalie nani? Nikaona basi labda nichukue kama lilivyo, mguu chini, yaani nisimame. Nikakanyaga breki. Vifurushi vyote vya nyuma vikaja mbele kutusalimia.

Alichotaka yule bwana ni kile ambacho utingo wa matatu angekisema kwa neno moja: kanyaga! Msemo una sura mbili. Mzazi akiutumia kwa mtoto, amekataa. Ukitumika ndani ya gari, ongeza moto. Hakuna aliyeniambia hilo darasani, na kitabu sikumbuki kama kilikuwa nalo.

Lingine ni vibao vya "public footpath" mashambani. Wageni huviogopa kwa sababu njia inakatiza katikati ya shamba la mtu, ng'ombe wanakutazama, unahisi utafyatuliwa mbwa. Ni haki yako kupita. Njia ya miguu ya umma, hata kama ardhi ina mwenyewe. Geti liache tu kama ulivyolikuta.

---

Kutoka: Mama wa Minneapolis

Nimecheka vifurushi mpaka mtoto ameamka.

Mimi yangu haikuwa ya kucheka wakati ule. Kijana wangu alikuwa na miaka miwili. Daycare wakanipigia, nije nimchukue, ana "hand, foot and mouth". Mimi nimezaliwa Narok, baba yangu ana ng'ombe. Kwetu ukitaja ugonjwa wa miguu na midomo soko linafungwa, mifugo haihamishwi, daktari wa mifugo anapita boma kwa boma. Nikaendesha gari nikilia. Nikampigia mama yangu nyumbani, naye badala ya kunituliza akaniuliza: "Huko Amerika mtoto ameshika ng'ombe wa nani?"

Ni vitu viwili tofauti kabisa, ndugu zangu. Ule wa ng'ombe ni "foot and mouth", na virusi vyake ni vingine. Huu wa watoto una neno "hand" mbele, ni vipele na vidonda vya mdomoni, viganjani na kwenye nyayo, na kwa kawaida unaisha wenyewe ndani ya siku saba hadi kumi. Kazi kubwa ni kumnywesha, kwa sababu vidonda vinamfanya akatae. Maziwa baridi yalinisaidia.

Halafu hapo kwa Mzee kwa futi. Mume wangu ana sentimita 175. Fomu ya leseni ya udereva inataka futi na inchi. Akachukua simu, akagawanya kwa 30.48, akapata 5.74, akaandika futi 5 inchi 7. Akajipunguzia inchi mbili kwa mkono wake mwenyewe! Hiyo 0.74 ni sehemu ya futi, na futi ina inchi 12, si 10. Zidisha 0.74 mara 12 unapata karibu 9. Yeye ni futi 5 inchi 9, na anapenda mjue hivyo.

Na ile Kiingereza yetu ya nyumbani tuiache uwanja wa ndege. Nilimwambia supervaiza basi halikuja kwa hivyo "I footed". Akaniuliza nimelipa nini. Kwetu ku-foot ni kutembea, kila mtu Nairobi anaelewa. Huku sema "I walked".

---

Kutoka: Ndugu wa Liège

Jambo wandugu. Mimi mtoto wa Lubumbashi, Kiingereza changu ni cha kuokoteza. Mama wa Minneapolis amenikumbusha kitu. Huku kwa Kifaransa tunasema "footing", lakini maana yake ni kukimbia taratibu kwa mazoezi, na raba mguuni. Nilikwenda kumtembelea binamu London, asubuhi nikamwambia mwenye nyumba naenda kufanya "footing". Akadhani nataka kujenga, kwa sababu kwao "footing" ni msingi wa ukuta. Akaniuliza nina kibali.

Mfaransa naye hukata mguu kama Mwingereza, "jambe" juu, "pied" chini. Kwa hiyo tatizo la dada linatufuata huku pia. Tena mjomba wangu alitibiwa goti wiki mbili, kumbe ni kisigino.

---

Kutoka: Dada wa Leicester

Asanteni sana. Mama anaendelea vizuri, anakanyaga.

Niongeze ya kazini. Mkianza kazi ya kutunza wazee mtasikia "put your feet up", na kwa mara ya kwanza inashtua, maana kwetu kumpandishia mtu miguu juu ya kiti ni utovu wa adabu. Wanakuambia pumzika tu, kaa chini upate chai. "Find your feet" ni kuzoea mahali, mgeni hupewa wiki chache za hivyo. Mtu akiandika kwenye barua ya sifa kwamba "she never put a foot wrong", furahi, hujakosea hata mara moja.

Kuna "cold feet" pia. Dada mmoja tunayeshinda naye shifti aliolewa na kijana wa hapa. Wiki mbili kabla ya harusi, mama mkwe akaandika kwenye grupu la pamoja akitania, kwamba anatumaini bwana harusi hajapata "cold feet". Alimaanisha asije akaingiwa na woga akaahirisha. Shangazi mmoja wa Tanga, kwa moyo mweupe kabisa, akajibu kamati itanunua soksi za sufu. Zikanunuliwa, bwana harusi kazivaa siku ya harusi.

Mzee, nina swali. Kaka wa Birmingham kaniambia pembeni kuna "put your foot in your mouth". Hii ni nini tena?

---

Kutoka: Mzee wa Toronto

Ni kuropoka, kusema la kumwaibisha mwenzako bila kukusudia. Unamuuliza dada mimba ina miezi mingapi, kumbe hana mimba. Wahenga wetu walishalisema, tena kwa mguu huo huo: heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Sisi tunafananisha ulimi na mguu, wao wameutia mguu wote mdomoni. Msemo wetu naona ni msafi zaidi.

Mama wa Minneapolis, wewe ni Mkenya, hutalisahau neno nyayo. Moi alipoingia madarakani mwaka 1978 alisema anafuata nyayo za Mzee Kenyatta, na neno likageuka siasa nzima, hadi kwenye maziwa ya shule na jengo lile la Nairobi ambalo watu waliteswa kwenye vyumba vyake vya chini. Ukimfundisha mtoto "follow in someone's footsteps", kwake ni msemo tu. Wa rika letu hatulisikii hivyo.

---

Kutoka: Mama wa Minneapolis

Maziwa niliyanywa, Mzee. Hayo mengine tuliyajua baadaye.

---

Kutoka: Dada wa Leicester

Jamani, ya leo. Tumerudi kliniki kuangaliwa. Nilimfundisha mama wiki nzima: wakikuuliza, usiseme "leg", sema "foot". Anafanya mazoezi jikoni. Tumeingia, nesi kasoma faili, kamuuliza kwa upole: "So your leg is much better now?" Mama kajiweka sawa kwenye kiti, kamtazama usoni, kasema kwa sauti kama anaitikia kwaya: "My foot!"

Nesi kashtuka, kisha kacheka mpaka kashika meza. Hakutaka kuniambia kwa nini. Mama naye anaona amefaulu mtihani. Kakosea wapi?

---

Kutoka: Mzee wa Toronto

Hakukosea neno hata moja. Ila "my foot" ikisemwa hivyo, peke yake, baada ya maneno ya mtu, ni "thubutu!" Mama kamwambia nesi ni mwongo.