Fundi wenu kaizima mashine ikiwa asilimia 62, halafu anataka nimshukuru!!

Wakuu, naandika mikono bado inatetemeka, herufi zikiruka mnivumilie. Jina simtaji kwa sababu mnamjua. Yule yule anayejiita injinia, bisibisi tatu mfukoni na maneno ya kujaza fuso, ambaye humu mtu akiuliza fundi wa kompyuta mnajibu wote kwa pamoja "nenda kwa jamaa yule, yuko vizuri". Vizuri wapi? Vizuri kwa nani?

Mashine yangu haikuwa na ugonjwa. Ilikuja apdeti usiku, asubuhi sauti haipo. Basi. Draiva ya sauti, kile kiprogramu kinachoiendesha sauti. Mtoto wa darasa la tano angeingia Device Manager, akarudisha draiva ya zamani, akaenda kucheza mpira. Injinia akaishika, akaigeuza, akaitazama tumboni, akasema: "Bosi, tatizo liko ndani zaidi. Baiosi yako ya zamani." Sauti, na baiosi, ile programu ya ndani inayoiamsha mashine kabla ya Windows! Nimeenda na kikohozi, nalazwa kupasuliwa goti.

Akachomeka fleshi, apdeti ikaanza. Skrini ikatoa onyo kubwa la kusomeka ng'ambo ya barabara: usizime, usichomoe chaja. Asilimia 10. Asilimia 30. Asilimia 62, ikasimama. Feni ikavuma. Sasa kila aliyewahi kuapdeti baiosi anajua feni kuvuma pale ni kawaida, na namba kusimama ni kawaida. Watu hunywa chai. Watu hupiga stori za Simba na Yanga. Huyu bwana akasonya, akasema "hii imeganda", AKASHIKA KITUFE CHA KUWASHIA. Akakishikilia. Nikasema "injinia usi..." giza. Kidole bado kipo pale kwenye kitufe, kidole kimenenepa kwa hela za watu kama mimi.

Kuwasha, taa inawaka, skrini nyeusi. Akatoa RAM, vile vibao vya kumbukumbu, akazisugua kwa raba ya kufutia, akarudisha. RAM zimemkosea nini? Akachomoa ile betri ndogo ya saa, akairudisha. Kimya. Ndipo akaniangalia usoni bila haya: "Bosi, hii ilikuwa inakufa yenyewe. Mimi nimekuwahisha tu kujua. Ungeipoteza na mafaili, unanishukuru hapa."

KUNIWAHISHA KUJUA! Na hela ya uchunguzi akadai. Uchunguzi wa maiti aliyoiua mwenyewe.

Sitini na mbili, wakuu. Kidole kikashuka. Wife kaniuliza mbona sili, nimemjibu "sitini na mbili", kaita mama yake.

Ushauri sitaki. Nimekuja mumtukane.

Kiraka cha Pajero: Pole mkuu. Ila kazi ya mtoto wa darasa la tano wewe umeibeba hadi kwa fundi. Wewe uliishia la ngapi?

BintiMzizima: Nimecheka nimeamsha mtoto. "Kaita mama yake" 😂😂😂

Soda ya Baridi: Huyo huyo! Kaniwekea Windows upya, nafika nyumbani waifai haipo. Nampigia, anasema "draiva ipakue mtandaoni". Mtandaoni napitia wapi, injinia, na draiva ya mtandao ndiyo hiyo? Akaniambia nina maswali mengi.

Mleta uzi: Wewe angalau yako inawaka. Yangu ilikuwa 62! Zimebaki 38!

Kiraka cha Pajero: Kumbe hesabu unajua, la saba ulifika.

Chumvi Mbili: Jamaa kapata biashara tu. Tangu Windows 10 ikatiwe apdeti za bure Oktoba 14, 2025, kila mtu anataka kupanda 11, na 11 inataka TPM 2.0 na Secure Boot, vitu vya usalama vinavyowashwa humo humo kwenye baiosi. Mara nyingi ni kuingia, kuwasha na kutoka. Yeye anaapdeti kila kinachopita. Ukimpelekea pasi ataiapdeti.

Mzee wa Soda Kosti: Tulieni vijana. Hiyo mashine haijafa. Baiosi inakaa kwenye chipu ndogo, nyingi zina miguu minane. Kuna kifaa cha bei ndogo kinaitwa CH341A: unabana chipu kwa klipu, unaiandika upya kwa faili la modeli hiyo hiyo. Soma kwanza kilichomo ukihifadhi, kuna namba za mashine humo. Na angalia volti, chipu nyingine ni za 1.8, bila adapta yake utaiunguza. Kabla ya yote hayo tazama kama laptopu yako ina njia ya kujiokoa: unaweka faili kwenye fleshi, unashikilia vitufe vyake wakati wa kuwasha.

Mleta uzi: Mzee shikamoo, lakini nimesema ushauri sitaki.

Mzee wa Soda Kosti: Marahaba. Baki na giza lako.

Pengwini wa Tandale: Hamieni Linux mpumzike. Huku fimwea, yaani baiosi na wenzake, inaapdetiwa kwa programu ya fwupd, amri moja, unaendelea na maisha.

Soda ya Baridi: Draiva ya kadi ya picha imeshakubali au bado unaandika hapa kwa simu?

Pengwini wa Tandale: Nipo kwa simu kwa sababu nipo kwenye daladala.

BintiMzizima: Daladala ya kwenda kwa fundi 😂

Kijukuu: Nyie mnalia zikiishia 62. Yangu ilifika 100 salama, ikawaka, ikadai ufunguo wa kufungulia diski. Tarakimu 48! Mimi diski sijawahi kuifunga. Kumbe ilijifunga tangu siku ya kwanza, na ufunguo uko kwenye akaunti ya shemeji, yeye ndiye aliyeiwasha ikiwa mpya. Na shemeji hatuongei tangu ile kesi ya kiwanja. Imebidi nianze na salamu.

Chumvi Mbili: Printa je? Yangu ilijiapdeti peke yake, asubuhi haitaki wino wa kujaza, inataka wa dukani. Ndani ya nyumba yangu, umeme wangu!

Mleta uzi: Jamani mada ni kidole.

Mama Chapati Laini: Mafundi wote ukoo mmoja. Kitenge changu kiko kwa fundi cherehani tangu Pasaka, kila nikienda "bado vifungo". Gauni lenyewe halina vifungo.

Soda ya Baridi: Yadi ngapi mama?

Mama Chapati Laini: Sita.

Kiraka cha Pajero: Hapo mke wake keshavaa harusini.

BintiMzizima: Wangu alinipima vizuri, akashona ya mtu mwingine, akaniambia nitanenepa nitoshee.

Mleta uzi: ASILIMIA 62!!!

Mama Chapati Laini: Tumekusikia baba, subiri kidogo. Binti, ulimlipa yote au ulimwachia nusu?

BintiMzizima: Yote, nilikuwa bado mgeni mjini.

Kijukuu: Cherehani mnaonea. Kaeni chini niwaambie ya seremala na kabati lisilopita mlangoni.